Injini Mbili na Ndiyo Moja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mama yenu anisamehe. Nilikuwa kijana, seremala katika shamba la Kaburu mmoja njia ya Soy, siku zile mji huu wa Eldoret tukiuita Sisibo. Mke wangu nilikuwa nimemwacha nyumbani Bunyore. Kambini wengi walikuwa Wanandi, na Kinandi changu kiliishia kwenye salamu, basi nilikula peke yangu na kulala mapema.

Kaburu huyo tulimwita Bwana Polepole, kwa jinsi alivyotembea. Alikuwa amefiwa na mke, hakuwa na mtoto, na majirani zake wazungu walimcheka kwa sababu alikuwa anaunda ndege. Si ya kupanda, hapana, ya mfano tu, yenye mabawa ya juu na ya chini, lakini kubwa: nikinyoosha mikono yangu yote miwili sikufikia ncha za mabawa yake. Aliniita nimsaidie kuranda mbao. Msimu mzima wa mvua tulikuwa stoo, yeye akishika upande huu wa ubao, mimi upande ule. Usidhani namlilia mzungu, mwanangu. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wakimkamulia ng'ombe wake. Lakini mpweke humjua mpweke, na saa zile za stoo ndizo pekee ambazo sikuhesabu siku za kwenda likizo.

Ikabaki injini. Alikuwa nazo mbili. Moja ndogo, ililetwa na posta, ilitosha kwenye kiganja. Ya pili kubwa, aliitoa kwenye pampu kuukuu ya kunyunyizia ng'ombe dawa. Aliipenda ile kubwa. Alisema hapa juu kwetu hewa ni nyepesi, injini hukosa pumzi kama mgeni aliyetoka Mombasa, na hilo lilikuwa kweli.

Mchana mmoja, alipoenda kula, niliifunga ile kubwa kwenye pua ya ndege, nikaiinua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa. Pua ikaanguka mbele. Nikaifungua, nikafunga ndogo. Ndege ikatulia sawasawa juu ya vidole vyangu. Nikajua papo hapo kwamba inatakiwa ndogo, na propela ndefu kidogo ya kuisaidia. Propela ningeichonga mimi mwenyewe kwa siku mbili. Nikarudisha kila kitu mahali pake.

Aliporudi akaziweka injini zote mbili mezani, akaniangalia.

"Elisha, wewe nasema gani? Hii ama hii?"

Mwanangu, tangu nizaliwe hakuna mzungu aliyewahi kuniuliza ninafikiri nini. Mama yangu alinifundisha kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kwa mzungu ulimi ulikuwa umewafukuzisha wengi kazi. Nikatazama chini.

"Ndiyo, Bwana. Kama Bwana anavyotaka."

Alisubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi. Halafu akaichukua ile kubwa.

Tuliipeleka kwenye shamba la ngano lililokwisha vunwa. Ilinguruma hadi ng'ombe wakakimbia. Ikapaa kimo cha mtu, ikainamisha pua, ikajichimbia ardhini. Kazi ya msimu mzima ikawa vipande vya mbao na kitambaa kilichochanika. Yule mzee akakaa chini kwenye mabua, akaokota kipande cha bawa nililoliranda.

"Wewe najua?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bwana." Hiyo ndiyo ilikuwa ya kweli, na ilichelewa.

"Watu ya kusema ndiyo iko tele hapa shamba," akasema. Hakupaza sauti. "Mimi nataka moja tu nasema hapana."

Kesho yake nikarudishwa kwenye nguzo za ua. Hakunifukuza kazi, na afadhali angenifukuza. Nikipita karibu na stoo nilimsikia akipigapiga nyundo, anaacha, anakohoa, anaanza tena. Hakuna aliyemshikia upande wa pili. Miaka yote niliyobaki pale hakuniuliza neno jingine, na mimi nilijiona mpweke kuliko siku niliyofika.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu huyo amekuja kuishi nami hapa Munyaka. Nikiwauliza ninyi kama nimeanza kusahau majina, mnasema, "Uko sawa, Mzee." Nikiuliza kama niuze shamba, "Vile unaona, Mzee." Mnanipenda, najua. Lakini mnaniacha stoo peke yangu.

Basi sikia, mwanangu. Heshima si kuitikia. Mtu akikuuliza unachokijua, amekufungulia mlango, hata kama ni mkubwa wako, hata kama unamwogopa. Ingia. Sema kwa upole, vua kofia ukitaka, lakini sema, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na uanze na mimi. Niulizapo, nijibu.

Mungu wa baba zangu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa. Akupe masikio ya kuisikia hapana bila kukasirika. Na utakapozeeka, asikukoseshe mtu wa kukwambia hapana.