Mbegu za Ngano Chini ya Kitanda

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuficha. Mwaka ule mlima wa moto ulipopasuka, waasi walikuwa wameshika mji, nami nilikuwa naogopa mambo mengi kwa siku moja: buti nje ya ua, tetemeko chini ya sakafu, redio ikinyamaza ghafla. Lakini nililoliogopea kuliko yote lilikuwa chini ya kitanda changu huko Mapendo, mtaa wa Goma: katoni ya bahasha za ngano, mia na ushei.

Nilikuwa fundi wa shamba katika mradi wa kutafuta mbegu bora za ngano. Tulikuwa tumezalisha ngano mbili pamoja, moja fupi yenye shina gumu, nyingine ndefu ya milimani isiyoshikwa upesi na ugonjwa wa kutu. Uzao wake tuliutenga, kila ukoo katika bahasha yake yenye namba. Majani ya kila namba yalikuwa yamekwisha kupelekwa ng'ambo, kwenye maabara ya kusoma jeni. Kazi yangu ilikuwa kuipima mimea yenyewe kwa misimu miwili: kimo, siku za kuchanua, kutu. Kisha watu wa maabara wangeweka matokeo yao kando ya yangu, namba kwa namba, ndipo ijulikane jeni ipi inaleta kimo na ipi inazuia kutu. Bila namba, ngano ile ilikuwa ya kusaga tu.

Msimu mmoja nilikuwa nimeumaliza. Kisha askari wakapiga kambi katika shamba letu la Masisi, nami nikashuka Goma na mbegu zilizosalia. Hazikuwepo nyingine popote duniani.

Mama yangu niliishi naye. Alikuwa amelima tangu utotoni, na bahasha zangu zilimchekesha. "Kila ngano na chumba yake, sawa vile mugeni!" alisema. Nilimkataza kuzigusa, ila kwa nini, sikumwambia. Nilidhani hataelewa. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Siku ya moto nilikuwa kazini. Watu walipita mbio na magodoro kichwani, na moshi ukiwafuata. Nilikimbilia nyumbani, peke yangu kinyume cha umati. Mlango ulikuwa wazi. Mama hayupo. Sakafuni bahasha zimetapakaa, zote tupu.

Nilifikiri ni askari. Sikupata muda wa kufikiri zaidi, maana lava ilikuwa imefika mwisho wa barabara yetu na nyumba za huko zilikuwa zinawaka. Nikatoka mikono mitupu.

Nilimkuta mama ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, katika uwanja wa kanisa uliojaa watu waliokimbia. Aliponiona aliinua mikono juu na kulia kwa furaha. Nami, Mungu anisamehe, sikumuuliza kama ni mzima.

"Mama, mbegu iko wapi?"

"Iko hapa yote, mutoto yangu." Akapiga gunia dogo lililokuwa miguuni pake. "Ile makaratasi ilikuwa inanijaza mikono. Nilimwanga yote pamoja mu gunia, sawa vile tunachanganyaka maharagi. Kutu ikikamata moja, ingine inabakia."

Kwetu akina mama huchanganya maharagwe ya kila rangi kabla ya kupanda, ili msimu mbaya usiue yote. Alikuwa amefanya vile mkulima mwenye akili anavyofanya. Blanketi zake alikuwa ameziacha, na picha ya baba, ambayo hatukuwa na nyingine, aliiacha ukutani. Nilisema, "Aksanti, mama."

Siku ya tatu shefu wa mradi akatupata. Nilikuwa nimemwogopa tangu asubuhi.

"Na mbegu?" aliuliza, salamu hazijaisha.

"Iliungua, shefu. Lava ilimaliza nyumba."

Akashika kichwa. "Namba zote? Basi kazi imekufa. Hata ile majani ya kule haina tena maana."

Nilikuwa nimesahau kwamba mama ameketi nyuma yangu. Nilipogeuka hakunitazama. Alikuwa analivuta lile gunia polepole kwa mguu, akalifunika kwa kitenge chake, akalikalia.