Mgeni Nyumbani kwa Mume Wangu

Mume wangu alianguka kutoka juu ya mchikichi akikata mikungu ya chikichi, akaumia kichwa. Aliporudi nyumbani Rumonge kutoka hospitali, aliwatambua majirani wote, akamsalimia dada yake kwa jina, hata mbuzi wetu alimjua. Mimi tu hakunijua.

"Amahoro, dada," alinisalimia. "Bibi yangu iko wapi?"

"Ni mimi."

Akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyesikia mzaha wa mgeni.

Mume wangu ni Mwislamu wa kushika dini, na chumba kimoja na mwanamke asiye mkewe hakilaliki. Akachukua mkeka wake, akautandika barazani. Maji ya kuoga hakuyapokea mkononi mwangu. Alisubiri mpaka dada yake aje. Siku moja nilivaa kitenge cha harusi yetu, nikidhani kitamkumbusha. Alikunja uso.

"Hii kitenge ni ya bibi yangu. Akirudi, utamuambia nini?"

Niliingia ndani nikacheka, kisha nikalia. Nilimkasirikia sana, na papo hapo nikampenda kuliko siku ya ndoa. Mwanamume alikuwa akinitunzia heshima yangu, huku akininyima mimi mwenyewe.

Daktari wa Bujumbura alipomwandikia vidonge vya watu wenye huzuni nzito, nilimbishia.

"Daktari, huyu anakula na anacheka. Mwenye huzuni ni mimi."

"Niko naelewa, mama. Lakini kuko wenye kuumia kichwa, hii dawa inasaidia ubongo yao kidogo. Siwezi kukuahidi. Tujaribu."

Niliogopa kubaki mgeni mpaka kufa, kwa hiyo nikajaribu. Kila asubuhi nilimpa kidonge na chai, naye akanishukuru, "murakoze, dada". Wiki zikapita, sikuona kitu. Nikaanza kumnung'unikia daktari kimoyomoyo, yeye na vidonge vyake.

Kisha nikaona ananitazama. Nikianika samaki wadogo wa ndagala uani, ananitazama. Nikipepeta mchele, ananitazama, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Asubuhi moja alipokea chai, akasema:

"Bibi yangu, umekonda. Ulikuwa wapi?"

Kama ni dawa au ni siku tu, daktari mwenyewe hakutaka kuapa. Mimi sikuuliza zaidi. Nilimwingizia mkeka wake chumbani kabla hajabadili mawazo, nikatuma watu sokoni waniletee samaki mkubwa, mukeke wa ziwani.

Tulipokuwa tunakula, aliacha tonge mkononi.

"Ule dada mwenye alikuwa hapa, alienda wapi? Sikumuaga."

"Alirudi kwao."

"Umutumie samaki. Alinitunza muzuri." Akafikiri kidogo, akanisogezea upande wa samaki wenye nyama. "Na usikuwe na wasiwasi. Kila siku nilimuambia niko na bibi."

"Najua," nikasema. "Aliniambia."