Bahasha Juu ya Kinu

Jumatano ile, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na saba, shule nimeshamaliza, najiona mjuzi wa kila kitu. Tulikuwa tunatoka nyumbani Lundo, kando ya ziwa, kwenda Kigonsera, kule juu ukishapita Mbinga, kumwoza kaka yangu Festo Jumamosi yake. Tulikuwa watatu: Festo, mimi, na Mama. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Mama ndiye aliyekuwa msemaji wa kila jambo la nyumba yetu.

Sisi ni Waanglikana, na bibi harusi, Theresia, alikuwa Mkatoliki. Ruhusa ya ndoa ilishapatikana. Padre alikuwa amebakiza kitu kimoja tu: akione kwa macho yake cheti cha ubatizo cha Festo. Ninyi leo mngekipiga picha kwa simu mkakituma mkiwa mmelala. Wakati ule karatasi ilisafiri na mtu. Mama alikitia kwenye bahasha, bahasha akaifunga kwa nailoni, akaiviringisha ndani ya khanga na kuilaza chini kabisa ya kapu. Alifanya hivyo usiku wa kuamkia safari, mbele yangu.

Sasa nikwambie habari ya viatu. Rafiki yangu mmoja alikuwa na viatu vya mchuchumio, vyekundu, vimetoka mjini. Nilimwomba, akaniazima. Mama alishaniambia kule ni milima na matope, nitavaa raba zangu za shule basi. Mimi sikutaka. Nilijua watu wa juu wanatucheka sisi wa ziwani, wanasema tunanuka samaki, nikaapa kwamba hao hawatanicheka mimi. Asubuhi, Mama alipokwenda kumuaga jirani, nililipekua lile kapu pale jikoni ili nivifiche viatu chini. Havikuenea. Nikaitoa bahasha, nikaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa kifudifudi, nikavishindilia viatu, nikarudisha khanga. Bahasha nilitaka kuirudisha juu ya khanga. Mara Festo akapiga kelele nje, "Lori hilo! Lori hilo!" Nikabeba kapu, nikatoka mbio.

Lilikuwa lori la usipa, vile vidagaa vya ziwa letu, sisi tumekaa juu ya magunia. Hatujafika mbali, tairi likapasuka. Watu wakashuka. Wingu likaanza kutanda upande wa ziwa, na Mama akaniambia, "Beti, hebu chungulia kapu. Bahasha isije ikalowa."

Nikapenyeza mkono. Nikagusa kisigino cha kiatu. Hapo ndipo nilipokiona akilini kile kinu, na bahasha juu yake, wazi kabisa. Pale tulipokuwa ningeweza kurudi nyumbani kwa miguu na kufika tena kabla fundi hajamaliza kuziba tairi. Ninasema hili kwa sababu nimelipima mara nyingi. Kurudi kulikuwa kama kwenda kisimani mara mbili, basi.

Nikasema, "Ipo, Mama."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu ya viatu. Ningesema haipo, angeuliza imetokaje. Nikajiambia labda padre atasahau kuuliza. Mjinga anajidanganya kwa vitu vidogo sana.

Tulifika Mbamba Bay, tukapata gari jingine la kupanda Mbinga. Siku hizi kuna lami, unapanda ile milima unasinzia. Wakati ule, msimu wa mvua, ilikuwa utelezi mtupu. Kwenye kona moja kali gari likazama mpaka ekseli. Wanaume wakashuka kusukuma. Mama naye akashuka, akavua kandambili, akajifunga khanga kiunoni.

"Mama, kaa pembeni, hii kazi ya wanaume," dereva akamwambia.

"Harusi ni ya mwanangu, siyo ya wanaume," Mama akajibu, akatia bega.

Wakasukuma, wapi! Matairi yanazunguka tu na kuturushia tope. Mama alikuwa amebeba mkeka mzuri mno, amesuka mwenyewe kwa miezi, zawadi ya mkwe wake. Aliutazama kidogo tu. Kisha akaukunjua, akautandika mbele ya tairi la nyuma. Festo akapiga kelele, "Mama, usifanye hivyo!" Mama akasema, "Mkeka nitasuka mwingine. Jumamosi siwezi kuisuka." Gari likakanyaga ule mkeka, likauchana vipande vipande, likatoka. Watu wote wakampigia vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na lile kapu, nimelikumbatia, na humo ndani hamna kitu isipokuwa khanga na viatu vyangu. Niliona aibu, lakini mdomo haukufunguka.

Tulilala Mbinga. Asubuhi yake nilivihamisha vile viatu kwenye kifurushi changu, maana nilijua kapu litapekuliwa. Unaona mtu anavyozama? Jana nilidanganya kwa hofu tu. Leo nilikuwa ninapanga.

Alhamisi mchana tukafika Kigonsera. Wakwe walitupokea vizuri, tukala, kisha tukaenda kwa padre. Akamsalimu Mama kwa heshima, akasema, "Haya Mama, nione kile cheti tumalize." Mama akatia mkono kwenye kapu. Akatoa khanga moja, akatoa ya pili. Akazikung'uta. Akalimwaga kapu lote sakafuni, akaligeuza, akalipigapiga chini kwa kiganja. Akarudia tena tangu mwanzo. Mara ya tatu akanigeukia.

"Beti, si uliiona wewe? Pale kwenye pancha?"

"Niligusa kitu kigumu, Mama," nikasema. "Nilidhani ndiyo yenyewe."

Mama akaanza kuziokota zile khanga. Kisha akasema polepole, "Basi ni mimi. Nitakuwa niliitoa nilipokuwa nazipanga khanga."

Padre hakuwa mtu mkali. Alisema tu kwamba bila cheti hawezi, na kwamba Jumatano inayofuata ni Jumatano ya Majivu. Kwaresima ikianza hafungishi ndoa mpaka Pasaka ipite. Mwanangu, pombe ilikuwa imeshachachuka kwenye mitungi. Nguruwe wawili walikuwa wanangoja kisu. Ndugu wa Theresia walikuwa wanaingia kutoka kila kijiji. Tuliporudi nyumbani kwao, shangazi yake akasema kwa sauti, ili tusikie, "Watu wa ziwani bwana! Usipa hawakusahau, cheti cha mtoto wamesahau." Theresia akaingia ndani, tukamsikia analia.

Festo alitaka kurudi mwenyewe. Mama akamkatalia. "Bwana harusi akionekana anateremka, watasema amekimbia. Wewe kaa hapa waone uso wako." Nami nikasema nitakwenda. Hilo nililisema, Mungu ni shahidi, lakini nililisema kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba akataliwe. Mama akanitazama, akasema, "Kosa ni langu, mwanangu. Mwenye kosa ndiye anayetembea." Akachukua khanga moja tu, akaondoka saa ileile.

Safari yake sikuiona, alinisimulia baadaye. Alipata lori la saruji mpaka Mbinga, kutoka hapo akadandia gari la mahindi mpaka Mbamba Bay. Mbamba Bay hadi Lundo ilikuwa miguu yake mwenyewe, na kipande kidogo mtumbwi wa mvuvi aliyemhurumia. Alifika nyumbani, akaingia jikoni, akaikuta bahasha juu ya kinu. Alisema aliketi chini akalia kwa sababu hakukumbuka kabisa kuiweka pale. Hilo ndilo lililomtisha. Kusahau kitu ni kawaida ya watu, lakini yeye alijitafuta kichwani mwake, na ile asubuhi ya kuitoa bahasha haikuwemo.

Jumamosi ndoa ilikuwa saa nne. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Wanakwaya walichoka kusimama, wakaketi kwenye nyasi. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu, na raba za shule. Vile viatu vyekundu vilikuwa ndani ya kifurushi, sikuweza hata kuvitazama. Ilipokaribia saa saba, mtoto mmoja akapiga kelele, tukatazama upande wa mashamba. Mama alikuwa anateremka mlimani kupitia kwenye ngolo. Ngolo ni yale mashimo ya Wamatengo yanayozungukwa na matuta, wanalima hivyo mlima mzima. Mwenyeji anapita juu ya matuta kirahisi, sisi wa ziwani tunaanguka. Alikuwa ameanguka. Goti lilikuwa linavuja damu, mguu mmoja ameufunga kipande cha khanga, tope mpaka mapajani. Bahasha ilikuwa kifuani ndani ya nailoni yake, kavu kabisa.

Alimpa padre kwa mikono miwili. Akasema mbele ya watu wote, "Baba padre, naombeni radhi. Ni kichwa changu, nadhani ni uzee huu." Mwanangu, Mama alikuwa na miaka arobaini na minne! Watu wakacheka kwa upendo, shangazi yule akaja akamkumbatia, akamwosha miguu kwa mikono yake mwenyewe. Ndoa ikafungwa. Tukala, tukacheza. Kila mtu alisema imeisha vizuri.

Haikuisha. Tangu siku ile Mama hakufunga mzigo wowote bila kuufungua mara tatu. Akifika njiani anaufungua tena. Akiweka kitu mahali, ananiita, "Beti, uje uone nimeweka hapa, usije ukaniambia sikuweka." Na kanisani kwetu alikuwa mtunza ufunguo wa sanduku la vitambaa vya altare, kazi aliyoipenda kuliko zote. Baada ya miezi michache aliurudisha ule ufunguo kwa wenzake. Akawaambia kichwa chake si cha kuaminiwa. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kabisa, nikanyamaza tena. Kila mwaka nilijiambia nitasema, na kila mwaka jambo likawa zito zaidi, kwa sababu sasa ningepaswa kueleza na ule mwaka uliopita.

Nilisema Mama alipokuwa ameshapita miaka sabini. Nilikuwa nampeleka Mbinga kupimwa macho, kwa gari la kijana wangu, lami mpya chini yetu. Tulipofika kwenye kona zile, Mama akamwomba dereva asimame. Akafungua mkoba, akatoa kadi yake ya kliniki, akairudisha, akaitoa, akairudisha. Vilevile kama lile kapu kwa padre. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, viatu, kinu, pancha, kila kitu.

Hakunigombeza. Alitazama ziwa kule chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kizima?"

"Kizima kabisa, Mama."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote, Mama. Nisamehe."

Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Akauliza tena, "Na hivyo viatu, ulivivaa?"

"Sikuvivaa, Mama. Hata mara moja."

"Eee, Beti," akasema. "Afadhali basi ungevivaa."

Alinisamehe, na siku ile akaufunga mkoba mara moja tu, tukaenda. Lakini ufunguo wa lile sanduku ulishakuwa kwa mwingine, na miaka ile hakuna aliyeweza kumrudishia. Aliishi akijua kichwa chake ni kizima kwa muda usiotimia miaka mitatu.

Basi hili ndilo ninalotaka ulishike, mwanangu. Ukikosea, sema ukiwa bado karibu na nyumbani, pale kwenye pancha. Utagombezwa, sawa. Mimi ningechapwa kwa ajili ya viatu, ningelia, tungekula jioni yake tukiwa tumeshasahau. Ukinyamaza, kosa halikai pale ulipoliacha, mtu mwingine atalibeba, na mara nyingi ni yule anayekupenda, maana yeye ndiye wa kwanza kusema "basi ni mimi." Usimwache aseme hivyo. Na kama kuna jambo umelinyamazia tayari, usingoje liwe jepesi. Mama yako yuko hapo jikoni sasa hivi. Nenda.

Mungu wa wazee wetu, wa ziwani na wa milimani, akulinde njiani unakokwenda na unakorudi. Akujalie uwe mwepesi wa kusema ukweli, na akupe mtu wa kukusikiliza. Na anayekupenda asitembee kamwe safari iliyokuwa yako. Amina.