Siku Niliyoletewa Posa ya Zaina

Aibu niliyoipata Gerezani (mtaa wa Dar es Salaam, si jela) siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama, kwa hiyo ngojeni nikae, na mkitaka kucheka chekeni sasa hivi, maana tukifika mbele huko hata mimi mwenyewe huwa sicheki.

Shule niliiacha darasa la tano (sikufukuzwa, nilitaka tu kujua barabara iliyopita nyuma ya darasa inaishia wapi), na tangu hapo nikawa mtu wa njia. Zaina nilimkuta Lindi, binti wa mkwezi wa nazi, naye alikuwa na ugonjwa kama wangu, ukimtajia mji asioujua anakuuliza huko wanakula nini na wanazikana vipi. Basi tukabeba mifuko yetu ya turubai mgongoni tukaanza kupanda na pwani, Kilwa, Kivinje, na kila mji tunalala kwa watu wa dini, leo zawiya tunasikiliza dhikiri, kesho misheni tunasikiliza kwaya, kwa sababu tulitaka kujua Mungu anaitwa kwa njia ngapi, na pia (niseme ukweli) kwa watu wa dini chakula hakikosekani. Kwenye misheni moja tulisema ni mke na mume, sista akaomba cheti, tukalala nje na umande.

Ndiyo maana tulipofika Dar es Salaam, kwenye zawiya ndogo nyuma ya karakana za reli, Mwalimu Hamisi aliyeisimamia aliponiuliza, "Na huyu binti ni nani wako?" nikajibu haraka, "Dada yangu, baba mmoja mama mmoja." Akauliza baba yuko wapi, nikasema amefariki. (Baba yake Zaina saa ile pengine alikuwa juu ya mnazi.) Zaina alinitazama. Mgeni miaka ile lazima aandikwe kwa balozi wa nyumba kumi, naye balozi akatuandika kaka na dada, na Alhamisi yake Mwalimu, kwa wema wake, akamsomea marehemu hitima. Pilau niliila.

Mimi nililazwa upande wa wanaume, Zaina akapelekwa kwa Bi Mgeni, mke wa Mwalimu. Siku tatu zikawa wiki mbili. Mchana nazurura Kariakoo na Mchafukoge, jioni namwona Zaina uani anachambua mchele na wanawake wenzake, ananiuliza, "Umekula?" namjibu, "Nimekula," basi, yamekwisha. Tulikuwa tumetembea pamoja miezi minne, lakini sikuwahi kumtamani kama siku zile niliporuhusiwa kuzungumza naye habari za kula tu. Jioni moja akaninong'oneza mlangoni, "Waambie ukweli." Nikamwambia, "Kesho."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala watu hawakutawanyika, wakakaa kwenye majamvi, nami nilipoona sinia linaingia nikasogea mbele (kwenye sinia mimi sichelewi). Kumbe sinia lilikuwa linaletwa kwangu, na ndani yake mlikuwa na barua iliyofungwa kwenye leso nyeupe.

"Ndugu yetu," akasema mzee aliyelishika, "Fundi Rajabu wa karakana unamjua, mkewe alifariki mwaka juzi. Amemwona dada yako. Na kwa kuwa baba hayupo, wa kumwozesha ni wewe."

Fundi Rajabu alikuwa amekaa nyuma, kanzu imepigwa pasi, kichwa chini. Mtu mwema, ndiye aliyenishonea viatu vyangu vya matairi vilipokatika.

Nikasema nitafikiri. Mzee akasema, "Fikiri, tunakungoja, kahawa ipo." Nikasema dada bado mdogo. Bi Mgeni akajibu kutoka nyuma ya pazia la wanawake, "Mdogo wa nini, baba, ana miaka ishirini na mitatu, kaniambia mwenyewe." Nikasema kwetu mdogo haolewi kabla mkubwa hajaoa. "Basi oa leo, wanawake wapo," akasema mmoja, na watu wakacheka, nami nikaona sina tena pa kukimbilia.

"Si dada yangu," nikasema.

Fundi Rajabu aliinuka, akachukua leso yake, akaikunja vizuri, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu, sikujua." Yaani yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Mwalimu Hamisi hakukasirika, na angekasirika nadhani ningepona. "Baba yake yu hai?"

"Yu hai." Watu wakaguna, maana dua zao walikuwa wamekwisha mwombea.

"Unamtaka?"

"Namtaka."

"Basi kesho naandika barua Lindi, na nitakwenda nawe mwenyewe, tumwombe radhi mzee wa watu, tukuposee. Unasemaje?"

Nilitakiwa kusema neno moja tu. Nilijua Zaina yuko nyuma ya pazia anasikiliza. Na mimi, mbele ya zawiya nzima, nikasema, "Mwalimu, tulikuwa tumepanga tufike Tanga kwanza."

Walicheka mpaka vikombe vya kahawa vikatikisika. Zaina akatoka nyuma ya pazia, akanisogelea.

"Kaka," akasema taratibu, "nenda Tanga."

Nilikwenda. Bagamoyo, Pangani, Tanga, nililala kwenye zawiya na misheni zote tulizopanga, na pale Pangani mto unapoingia baharini maji yana rangi ya chai ya maziwa, nikageuka nimwoneshe mtu, hakuna mtu.

Mwaka uliofuata nilimkuta Zaina Kariakoo kwenye foleni ya sukari, amejitanda kanga, anacheka na shoga yake. Tukasalimiana. Shoga yake akamuuliza mimi ni nani. "Mtu wa kwetu kusini," akasema, kisha foleni ikasogea, naye akasogea nayo.

Niliapa siku ile kwamba nikiulizwa tena swali kama lile la Mwalimu nitajibu kwanza, safari itajijua yenyewe. Sijaulizwa tena.