Wimbo wa Mama Nilioukatiza

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja kule Kajiado, miaka ya tisini, tulipokwenda kumzika mume wa Mama Naserian. Mimi nilikuwa mpiga gita wa kanisa letu la Kitengela. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu niache kupiga kwenye baa, na kichwa kilikuwa kimenivimba kuliko spika nilizobebewa.

Kabla jeneza halijashushwa, mama yule alianzisha wimbo mwenyewe. Aliuanzisha chini sana, mahali ambapo vidole vyangu havikupajua. Nikatafuta, nikakosa. Badala ya kunyamaza, unajua nilifanya nini? Nilishika maikrofoni nikasema, "Mama, ngoja kidogo. Anza tena na hii sauti yangu." Akajaribu, sauti ikamkatika, akanyamaza. Tukamzika mzee wake mimi nikiimba peke yangu, tena vizuri. Hadi leo naona aibu.

Baada ya chakula, Mzee Mutua, kiongozi wa kwaya yetu, aliniita kando. Hakupandisha sauti.

"Huko kwa baa watu walikuwa wanakuja kukusikia wewe. Huyu mama alikuwa anaongea na Mungu wake, na wewe umemkata. Weka gita chini mpaka ujue kusikiza."

Miezi sita nilikaa nyuma nikipiga makofi na akina mama. Niliumia, hata nikafikiria kurudi baa. Lakini huko nyuma ndiko nilikojifunza kusikia kila mtu anaanzia wapi.

Miaka mingi baadaye Mama Naserian aliugua, akatuma niitwe, niende na gita. Nilimkuta amelala, sauti imebaki kidogo.

"Yeyo," nikamwambia, kama Wamaasai wanavyomwita mama, "nisamehe ile siku."

"Hiyo iliisha. Sasa ngoja nianze."

Akaanza wimbo ule ule, chini kuliko zamani. Nikalegeza nyuzi, moja moja, mpaka gita likashuka hadi alipokuwa. Safari hii aliumaliza.

Sasa gita hili ni lako, mwanangu. Mtu akimwimbia Mungu wake, wewe ndiye umfuate. Ukishindwa kumpata, nyamaza umwache aimbe. Ibada haitaharibika kwa kukosa vidole vyako. Mungu akupe masikio kwanza, akutunze njiani, na siku sauti yangu itakapobaki kidogo, akulete unilegezee nyuzi.