Samaki Aliyepikwa Mbele ya Lango

Mwezi uliopita mjukuu wangu anayefanya kazi Mombasa alikuja kunitembelea hapa Garissa, na kabla chai haijapoa akanitolea simu. Alikuwa ameenda Watamu na rafiki yake, wakakodi boti ya injini, wakatoka mpaka kule ambako nchi kavu haionekani, wakashinda kutwa wakivua. Kwenye picha alikuwa amekumbatia samaki mwenye pua ndefu, mkubwa kumshinda yeye. Nikamwuliza walimpikaje. Akacheka. "Nyanya, huyo hatukumla. Tulimpiga picha tukamrudisha baharini. Ni mchezo tu." Akaanza kunielewesha polepole kwamba siku hizi kuna watu wanaovua kwa starehe.

Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia kwamba mchezo huo niliucheza mimi kabla baba yake hajazaliwa, tena bila injini. Akanitazama kwa ile huruma ambayo vijana huwatazamia wazee. Basi wewe ndugu yangu unayenisoma, sogea karibu nikusimulie, maana yeye ameshaondoka na simu yake.

Kwetu samaki hakuwa chakula. Sisi Wasomali tulikuwa watu wa maziwa na nyama, watu wa ngamia na mbuzi, na heshima ya nyumba ilijulikana kwa vibuyu vyake vya maziwa. Tuliishi karibu kabisa na mto Tana, tukisikia kambare wakiruka majini alfajiri, na hakuna aliyegeuza shingo. Mla samaki alikuwa mtu aliyekosa mifugo, masikini wa mwisho. Wazee walikuwa na msemo wao: mdomo unaonuka samaki usinisemeshe. Ayeeyo, yaani nyanya yangu aliyenilea, alikuwa akipita penye harufu ya samaki anajifunika pua kwa mtandio na kutema mate pembeni, mara mbili, ili upande wa pili usijione umesahaulika.

Lakini mimi nilikuwa na rafiki. Alikuwa binti wa Wamunyoyaya, watu wa mto, ambao baba zao hulima mahindi na ndizi kando ya maji na kuvua kwa mitumbwi. Tulikutana penye kuteka maji. Mimi sikujua lugha yake wala yeye yangu, tukajenga urafiki wetu kwa Kiswahili cha kuokotaokota, kila mmoja akiamini kwamba chake ndicho sanifu. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga ndoana kwenye mshipi, kuchimba nyungunyungu kwenye tope la migomba, na kukaa kimya mpaka kidole kisikie samaki anavyoonja chambo. Nilipompata nilimtazama macho, nikafurahi, nikamrudisha mtoni. Rafiki yangu alikuwa akishika kiuno. "Kwa nini unamsumbua mwenzio kama humli?" Nilipenda tu kule kuvutwa mkono na kitu nisichokiona. Kisha nilisugua viganja kwa mchanga na majivu, nikarudi nyumbani na debe la maji kichwani, mtoto mwema kabisa.

Ndipo vikaja vile vita. Serikali ilikuwa changa, na huku kwetu kulikuwa na watu waliotaka nchi hii iungane na Somalia, wakaingia porini na bunduki. Kuanzia hapo kila mmoja wetu akaitwa shifta, yaani jambazi wa porini, mpaka bibi kikongwe, mpaka mtoto wa mgongoni. Tulikusanywa kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, chenye lango moja na askari juu ya mnara. Mbuzi wetu walichukuliwa. Asubuhi ikilia filimbi tulitoka kuteka maji, jua likianza kuinama filimbi ya pili ikalia, na ole wake atakayekutwa nje. Nakumbuka vumbi la malori, na moshi wa kuni mbichi, kwa kuwa kuni kavu zilikuwa mbali na hatukuruhusiwa kuzifuata. Nakumbuka pia kwamba mbuzi hawakulia tena. Mtu aliyekulia kwa wafugaji anaweza kuugua kwa ukimya wa namna hiyo.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu: ayeeyo, mimi, na mdogo wangu ambaye mama alifariki akimzaa. Baba alikuwa na ngamia upande wa Wajir, na vita vikamzuia huko. Abti, yaani mjomba wangu, mtoto wa kiume pekee wa ayeeyo, alikuwa ameingia porini. Afisa wa kambi alilijua hilo. Siku ya kugawa unga alisimama mbele ya kibanda chetu akasema kwamba nyumba hii haitapata hata kikombe kimoja mpaka mama mzee akumbuke mwanawe yuko wapi. Ayeeyo akaendelea kusuka mkeka wake. Je, alijua? Alijua. Sijawahi kumwuliza, lakini nilimwona akisikiliza upande fulani wa upepo kila jioni, na mtu hasikilizi hivyo asichokijua.

Majirani walitusaidia kwa migao ya kiganja mpaka nao wakaonywa kwamba atakayetupa unga atanyimwa wake. Hapo kila mtu akainamisha uso. Mdogo wangu alianza kutafuna ukosi wa shati lake. Ayeeyo alituchemshia majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, akasema ni dawa. Sikuogopa kufa, mtoto haogopi hilo. Niliogopa kwamba asubuhi moja mdogo wangu atalia vibaya zaidi, na ayeeyo atainuka aende kwa afisa aseme, na abti ataletwa juu ya lori. Nilikuwa na hasira, ndugu yangu, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Kumwekea mama mzee mwanawe upande huu wa mizani na mjukuu wake upande ule, huo ni ufundi wa kishetani.

Asubuhi moja nilimkuta rafiki yangu mtoni na mtumbwi wa baba yake. Baba yake aliachiwa mtumbwi huo kwa kuwa askari walipenda kuletewa samaki, na siku hiyo alikuwa na homa, akamtuma binti yake. Nikamwambia nataka kuvua. Akaniambia nivulie pale ukingoni kama kawaida. Nikasema, "Hapana. Leo nataka ile kubwa. Ile ya kula."

Akavua kanga yake ya juu akanifunga kwa namna ya kwao, akanipaka tope usoni, akaficha debe langu chini ya migomba, tukaingia mtumbwini. Alisukuma kwa pondo mpaka hakufikia tena chini, akashika kafi. Kati ya Tana, maji ni mekundu na yana nguvu usiyoiona ukiwa ukingoni, na kila gogo linaloelea hukufanya ufikirie mamba. Nyuma yetu niliuona mnara wa askari ukipungua. Kwa mara ya kwanza tangu seng'enge izungushwe nilikuwa mahali pasipo na ukuta, na nikaanza kucheka ovyo. Rafiki yangu akaniambia nifunge mdomo, samaki wana masikio.

Tulitia nanga ya jiwe karibu na kisiwa cha mchanga, penye kina. Jua likapanda. Tulikula ndizi mbivu moja tukigawana, tukatukanana kidogo kwa mapenzi, yeye akiniita mtoto wa ngamia na mimi nikimwita dada ya kiboko. Alipata wadogo kadhaa. Mimi sikupata kitu. Kisha kidole changu kikaguswa, mara moja, taratibu, halafu mshipi ukaondoka mkononi ukichana ngozi.

"Shika! Shika!"

"Nimeshika! Wallahi siachi!"

"Mwache aende kidogo, atachoka! Bole bole, si ndivyo munavyosema nyinyi?"

Hata wakati huo alikuwa na nafasi ya kunicheka, kwa kuwa sisi "p" hutushinda ulimini. Niliujeruhi mkono, alama ipo hapa kwenye kiganja. Samaki alizunguka chini ya mtumbwi, akatuzungusha na mtumbwi wetu, akatulia nikidhani ameondoka, akaanza upya. Nilipomwona hatimaye, kichwa bapa na masharubu kama ya polisi, nilipiga bismillahi. Alikuwa kambare mrefu kama mdogo wangu. Nakiri kwamba sehemu yangu moja, ile ya mchezo, ilitaka kumwachia. Nikamkumbuka mdogo wangu na ukosi wake wa shati. Rafiki yangu akampiga kwa kafi.

Kurudi ukingoni askari mmoja alikuwa akitungoja. Rafiki yangu alimwona mapema, akamfunika kambare wangu kwa gunia bichi, akaniketisha juu yake. Akampa askari wale samaki wake wote wadogo, wa siku nzima, bila kubakiza mmoja. Kambare, ndugu yangu, hafi upesi. Aliamka chini yangu akaanza kupiga mkia. Rafiki yangu akaanza kuimba kwa sauti kubwa na kupiga ubavu wa mtumbwi kama ngoma, na mimi nikatikisa mabega kama mtu aliyezidiwa na wimbo. Askari akatuambia tuna wazimu, akaondoka na samaki wake.

Nilinawa tope, nikarudisha kanga, nikapita langoni na kambare akiwa amekunjwa ndani ya debe, majani ya mgomba juu yake. Nyumbani nililitua mbele ya ayeeyo nikangoja kofi. Akafunua majani. Kisha akachukua mikono yangu akainusa, mmoja baada ya mwingine.

"Kumbe ni hiki ninachokinusa siku zote hizi," akasema.

Nikaanza kujitetea kwamba mwalimu wa dugsi, madrasa yetu, alitufundisha samaki ni halali. Akaninyamazisha. "Najua ni halali. Mungu hakumkataza. Tulijikataza wenyewe kwa kiburi. Leo kiburi changu kina kazi nyingine."

Nilidhani atampika ndani kwa siri. Alibeba sufuria, mafiga na kuni mpaka nje, akawasha moto mbele ya lango, penye macho ya kila mtu. Shida ni kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuona samaki akitengenezwa. Alimkatakata vipande akavitumbukiza vyote, pamoja na matumbo, akamchemsha kama nyama ya ngamia mzee, saa baada ya saa, mpaka akawa uji wa miiba. Na nyongo ilikuwa imepasukia humo. Nimewahi kunywa mwarobaini, nimewahi kunywa klorokwini, lakini uchungu ule sijauona tena.

Harufu ilisambaa. Wanawake wakatoka vibandani wamefunika pua. Jirani mmoja akasema kwa sauti kwamba afadhali njaa. Ayeeyo akampulizia mdogo wangu kijiko, akamtolea miiba kwa vidole, akamlisha. Mtoto alikunja uso akameza, akafungua kinywa tena. Kisha ayeeyo akajipakulia bakuli. Afisa akaja na fimbo yake kwapani, akasimama, akatazama sufuria.

"Mama, nyinyi hamli samaki."

Ayeeyo alikuwa na Kiswahili kidogo sana cha sokoni, na siku hiyo alikitumia chote. "Leo nakula. Kesho nakula. Wewe nafunga unga, sawa. Funga mto basi!"

"Mtoto wako yuko wapi?"

"Mimi hajui mtoto. Mimi najua samaki."

Akala. Alikula ule uchungu wote akimtazama afisa usoni, akitafuna polepole kama mtu anayekula nyama ya harusi, akalamba kijiko. Afisa aligeuka akaondoka. Haikupita muda yule jirani wa "afadhali njaa" akaja na bakuli lake chini ya mtandio, akauliza kama kimebaki.

Haikuwa bure. Siku chache baadaye askari walikuja ukingoni wakaupasua mtumbwi kwa shoka, baba mwenye mtumbwi akiwa amesimama pale na homa yake. Rafiki yangu aliendelea kuvua kwa mshipi kutoka nchi kavu, akinitupia mmoja kila alipoweza, na ndiye aliyenifundisha kutoa nyongo. Afisa yule alihamishwa, unga ukaanza kugawiwa tena bila neno.

Vita vilipokwisha abti alirudi, amekonda, na ndevu za porini. Mtu akamwambia mama yake alikula samaki hadharani. Akaja kusimama mlangoni kwa hasira, akasema amemwaibisha mbele ya ukoo. Ayeeyo alikuwa akikamua mbuzi wetu mpya, hakuinua hata kichwa. "Ilikuwa nimle samaki au nikuuze wewe. Ukiona nimekosea, niambie sasa hivi." Abti alikaa chini palepale kwenye vumbi, akafunika uso, akalia mbele ya mbuzi na mbele yetu sote.

Leo mahali pa lile lango kuna duka la simenti. Mto umehama, kisiwa chetu cha mchanga hakipo. Rafiki yangu na watu wake walihamia chini, upande wa Hola, baada ya mafuriko, na kila ninayemwuliza hamjui. Natamani kumwona kuliko ninavyoweza kuandika. Watoto wetu hawasimuliwi habari hizi, ati tusiamshe yaliyolala, kana kwamba yalilala.

Ayeeyo hakula samaki tena mpaka alipofariki. Alisema alimla kwa ajili ya vita, na vita vyake vilikuwa vimekwisha. Vyangu bado. Kila Ijumaa nakula kambare hotelini hapa mjini, mezani kabisa, mlango wazi, na mtu akipita akifunika pua naagiza sahani ya pili.