Kabla Bendi Haijafunga Vyombo

Sebuleni kwa shangazi yangu, kule Mombasa, kuna ukuta wa watu mashuhuri. Dunia haiwajui; ni mashuhuri kwetu tu. Wote ni Wakrioli wa damu yetu, watoto na wajukuu wa watu waliotoka Shelisheli kuja kutafuta kazi bandarini wakabaki. Yupo mpiga fidla, yupo mwanamke aliyeimba kwenye meli za watalii mpaka akasahau kushuka, yupo mchekeshaji wa redio, yupo mchoraji wa mabango ya sinema wa enzi ambazo mabango yalichorwa kwa mkono. Shangazi akipata mgeni humpitisha mbele ya picha hizo kabla hajampa chai. Husema kwamba watu wetu hawakuja na shamba wala nyumba, walikuja na nyimbo. Asiyeimba alicheza, na asiyecheza alichekesha.

Mimi siimbi, sichezi, wala sichekeshi. Nashona nguo. Ukutani simo.

Baba yumo, mwisho kabisa, karibu na swichi ya taa. Picha yake inaonyesha nusu ya uso. Nusu ya pili imezibwa na bega la mpiga ngoma, kwa sababu huko nyuma ya ngoma ndiko alikowekwa miaka yote aliyoimba katika mahoteli ya Diani. Rangi yake ilimponza. Meneja mmoja alimwambia waziwazi kwamba wageni wamekuja kuona Waafrika, na yeye, kwa nywele zile na pua ile, atawachanganya. Basi akavishwa kofia, akasimamishwa nyuma, na mbele akawekwa kijana mrefu wa kucheza na kutabasamu. Sauti ilikuwa ya baba. Jambo hilo lilinikera mimi kuliko lilivyomkera yeye. Yeye alisema sauti haina rangi, tena huko nyuma kuna feni.

Alimwoa mama, Mdigo wa hapa Msambweni. Alisilimu, wakajenga nyumba hii ninayoishi mpaka leo, ingawa mama ameshatangulia mbele ya haki. Nilipozaliwa nilipewa majina mawili. La kwanza ni la upande wa mama, na ndilo watu wanalolijua. La pili ni la bibi mzaa baba, jina la Kikrioli, na katikati yake kuna herufi moja inayotoka kooni, kama mtu anayesukutua. Shuleni walimu walilivunjavunja wakaniudhi, nikaacha kuliandika. Baba peke yake ndiye aliyeniita kwa jina hilo, tena mara chache, akiwa na furaha. Siku nyingine zote aliniita "mama", kama wanaume wa huku wanavyowaita binti zao.

Nilipokuwa na miaka tisa, Jumapili moja, mama alinituma nimpelekee baba hotelini shati alilolisahau. Askari wa lango la wafanyakazi aliniruhusu nisimame karibu na jiko. Bendi ilikuwa ikipiga mchana, watu wakila kando ya bwawa. Ghafla wapishi walitoka kwa mstari, wanagonga masufuria, mmoja kabeba keki yenye mishumaa, na mbele yao nilimwona baba. Mbele! Kofia kaivua. Baadaye nilielewa kwamba siku za kuzaliwa ndizo pekee zilizomtoa nyuma ya ngoma. Bendi ilikuwa na wimbo wake wa kuwaimbia wenye siku zao, na ndani yake lazima liingie jina la mwenye siku, na majina ya wageni yalikuwa magumu. Baba angeweza kulipenyeza jina la nchi yoyote likakaa sawa na ngoma. Aliinama mbele ya msichana wa Kizungu wa umri wangu akamwimbia jina lake mara tatu, polepole, kama jina analolijua tangu zamani.

Nilibaki pale hadi mwisho. Watu wa bendi walipokuwa wanakunja nyaya, mwanamke mmoja alikuja mbio kuomba wimbo mwingine. Baba aliweka mkono kifuani.

"Samahani sana, mama. Bendi imefunga vyombo."

Hiyo ilikuwa sheria yao. Ukitaka wimbo omba mapema. Vyombo vikishafungwa, hata uwe nani, ndio basi. Niliondoka na lile shati mkononi, nikasahau kumpa, mama akanigombeza. Kwetu siku za kuzaliwa hazikuwa na keki wala wimbo, na sikuona kwa nini nilalamike. Kinyozi hajinyoi. Lakini kila mwaka, siku yangu ilipofika, nilikumbuka yale masufuria, na nilimchukia yule msichana kwa bidii ambayo hakustahili.

Mwaka jana sauti ya baba ilianza kukwaruza. Alikuwa ameshastaafu, akaisingizia baridi, akaisingizia vumbi, akaisingizia chumvi ya mchuzi wangu. Madaktari hawakusingizia kitu. Walisema kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote, mapema, ili apone, na kwamba atapumua kwa kitundu shingoni. Walimpa tarehe ya wiki iliyofuata. Nilisikiliza kama ninayesomewa vipimo vya suruali. Niliuliza alale na nguo gani, ale nini asubuhi yake, nani atabaki naye. Moyoni hamkuwa na kitu. Watu husema walihisi dunia imewaangukia. Mimi sikuhisi hata kiti nilichokalia.

Shangazi alipiga simu siku ileile.

"Nyimbo za mama yetu, anazijua yeye tu. Mimi nilikuwa mkubwa, nikijitia mstaarabu, sikuzishika. Ziko saba. Mrekodi zote kabla hawajamkata, wanisikia? Akianza mzaha wake mwambie asikuchezee."

"Nimesikia, Shangazi."

"Watoto wetu watabaki na picha tu. Picha haziimbi."

Basi Alhamisi alasiri nilimweka baba kwenye kiti cha wateja, katika chumba changu cha kushonea. Simu niliisimamisha mezani, nikaiegemeza kwenye vigurudumu vya nyuzi. Alikuwa ameoga akavaa shati la bendi, lile la maua nililomshonea mimi mwenyewe kola yake. Niliwasha simu. Baba alikohoa kidogo, akajinyoosha, akaniangalia na kutoa lile tabasamu la kazini, na akasema kama alivyoiambia kila meza ya kila hoteli:

"Karibu sana. Leo tukuimbie nini?"

Mimi nilikuwa natazama kama simu ina chaji ya kutosha. Nilikuwa na sare za watu za kumaliza, na begi la hospitali halijafungwa.

"Chochote tu, Baba. Ilimradi Shangazi apate zake."

Alikaa kimya kidogo.

"Haya," akasema.

Akaimba zote saba. Sauti ilikuwa imekwaruzika lakini ilisimama. Katika wimbo wa sita alisahau maneno katikati akajaza kwa mluzi, kisha akacheka, akaendelea. Mimi nilikaa naokota vipande vya uzi kwenye sketi yangu. Alipomaliza aliuliza, "Hakuna mwingine?"

"Zimetimia saba," nikasema, nikazima.

Alibaki pale kitini muda kidogo, mikono juu ya magoti. Halafu akaomba chai.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi. Alirudi nyumbani mwembamba, na daftari la shule shingoni, limefungwa kwa kamba pamoja na kalamu. Kitundu kilitakiwa kifunikwe kitambaa chepesi ili vumbi lisiingie, na hilo nililiweza. Nilichukua masalio ya vitambaa vya mashati ya bendi, ya maua na ya mistari, nikamshonea vifuniko vya kubadilisha kila siku. Nilimsafisha, nikampondea chakula, nikampeleka hospitali ya hapa Msambweni akaangaliwe kidonda. Majirani walikuja kutoa pole. Wengi walimpigia kelele kama kiziwi, na yeye akawaandikia: "Nasikia." Walipotoka waliniambia mlangoni kwamba nina moyo. Sikuwa nao. Nilikuwa na mikono tu, na mikono ilijua kazi yake.

Shangazi aliuliza nyimbo zake. Nilimwambia mtandao ni mbaya. Wiki iliyofuata nilimwambia simu imejaa. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeifungua ile rekodi, na sikujua kwa nini. Wiki zilipita hivyo, mpaka asubuhi moja alinipigia akalia, mtu mzima yule, nikaona haya. Nilikaa mbele ya cherehani nikabonyeza.

"Karibu sana. Leo tukuimbie nini?"

Kisha nikajisikia mimi. "Chochote tu, Baba." Sauti ya mtu aliyeulizwa dukani anataka mfuko wa rangi gani. Na baada yake ule ukimya, ambao siku ile niliuona mfupi. Haukuwa mfupi. Ndani yake jogoo anawika, pikipiki inapita barabarani mpaka inaishilia mbali, na bado baba hajasema "Haya". Alikuwa ananisubiri.

Ndipo nilipojua ningeomba nini. Niliisikiliza rekodi yote nikitafuta jina langu lile la pili, nikidhani pengine alilitaja mahali. Hakulitaja. Nilifungua ujumbe wote wa sauti alionitumia miaka na miaka: mama, niletee dawa, mama, uko wapi, mama, nazi zimekwisha. Jina halimo. Sauti ya baba yangu ikiniita jina langu haipo popote duniani. Alinipa nafasi ya kuipata, nami nikamjibu kama mteja mvivu. Hapo ganzi ilinitoka. Iliniuma, na niliona aibu, na niliikasirikia nafsi yangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia meneja yeyote.

Nilimtumia shangazi nyimbo zake saba. Ule mwanzo niliukata, nikabaki nao.

Baba alikuwa uani, anachambua kunde kwenye ungo. Niliketi mbele yake kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na kabla sijabadili nia nikasema.

"Baba, ile siku ya kurekodi uliniuliza nataka wimbo gani."

Aliitikia kwa kichwa.

"Nilikujibu ovyo. Nilitaka ule wa keki, mliokuwa mkiwaimbia wageni. Uniimbie mimi. Na ndani yake ulitie jina la bibi."

 Akavuta daftari, akaandika, akaligeuza upande wangu.

"Umechelewa, mama. Bendi imefunga vyombo."

Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka, pumzi ilipuliza kile kitambaa cha maua shingoni kikawa kinapepea. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka kicheko kikanigeuka, nikalia juu ya kunde zake kama mtoto. Alisogeza ungo pembeni zisilowe. Hakunibembeleza. Alisubiri, kama siku ile.

Niliponyamaza aliandika neno moja chini ya yale ya kwanza, kwa herufi kubwa, polepole. Jina langu la pili. Akaligonga kwa kidole: soma.

Nikalisoma. Akatikisa kichwa.

Nikalisoma tena, kwa nguvu zaidi. Akatikisa tena, akakunja uso kama alivyowakunjia wapiga gitaa wabovu. Akainuka, akaja karibu, akaweka vidole viwili kooni mwangu, chini ya taya, kunionyesha ile herufi inatakiwa itoke wapi. Kwake, mahali hapo, pana kitambaa.

Nikajaribu. Akasikiliza kwa vidole. Akakataa.

Tuliendelea hivyo, kunde zimeachwa, kuku wakaja kuzidonoa na hakuna aliyewafukuza. Adhuhuri ilipoadhiniwa, nilikuwa bado nalikosea jina langu.